Feni ya Mama na Keisi ya Kioo

Mie ni mtu wa hasira za haraka, na nalisema hili mapema ili asiyenijua asije akadhani nilizaliwa mpole. Mchana ule nilioingia chumbani na kumkuta mama yangu mzazi ameketi mbele ya kompyuta, hasira zilikuwa zimeshafika kooni. Zikaishia hapohapo, na mpaka leo sijui zilikwenda wapi.

Kwanza nieleze kazi yangu. Naunda kompyuta za kuchezea gemu. Vijana wenye vibanda vya gemu, kuanzia huku kwetu Mbagala mpaka Sinza, wananiagiza mashine. Mie natafuta vipande kimoja kimoja, navifunga pamoja, nazijaribu, nawakabidhi. Lile boksi linalobeba vipande vyote, ambalo watu wengi mjini huliita sipiyu, sie mafundi tunaliita keisi. Watu hudhani keisi ni nguo tu ya kompyuta, unachagua inayokupendeza basi. Thubutu! Kompyuta ya gemu inachemka, na keisi ndiyo inayoamua kama lile joto litapata njia ya kutoka au litabaki linazunguka humo ndani mpaka mashine ichoke na kuzima. Halafu sie tunakaa chini ya bati. Mwezi wa pili, saa nane mchana, hata hewa unayoipeleka ndani kuipoza mashine ni ya moto tayari.

Vipande vingi nilikuwa navichukua kwa mzee mmoja mwenye duka Buguruni. Ni Mwarabu wa hapahapa, ukoo wao umeuza kwenye fremu ileile tangu kwa babu yake. Walianza na kanga, wakaja redio, na sasa ni vifaa vya kompyuta. Mzee yule anajua bei ya kila kitu, ila mwenyewe anakiri kuwa kompyuta haijui. Aliwahi kumsikiliza fundi mmoja aliyemshawishi alete mzigo wa vifaa vya kuzuia umeme usiruke, mzigo ukafika mbovu, wateja wakawa wanaurudisha mmoja baada ya mwingine mpaka akaona aibu kukaa mlangoni kwake. Tangu hapo, fundi akifungua mdomo, mzee anaangalia pembeni.

Kwa hiyo siku aliponiita na kuniwekea keisi mbili juu ya kaunta, nilijua hilo si jambo dogo. Alikuwa anataka kuagiza mzigo mzima wa keisi za gemu, aina moja tu, na zile zilikuwa sampuli. Ya kwanza ilikuwa na kioo mbele, na nyuma ya kioo feni ndogo zenye taa zinazobadilika rangi kama za ukumbi wa harusi. Ubavuni ilikuwa na mlango wa kioo pia, wenye bawaba na sumaku, unaufungua na kuufunga kama kabati la vyombo. Ya pili ilikuwa nyeusi, haina taa, haina mbwembwe, mbele yake wavu mtupu wa chuma. Muuza chipsi angeiona angechujia mafuta. Mzee hakuficha kuwa roho yake ilikuwa kwenye ya kioo. Aliiwasha palepale, na watu waliokuwa wanapita nje wakasimama kuangalia.

Akaniambia nizipeleke nyumbani, nizipime zote mbili, halafu nimwambie ipi inafaa kwa joto letu hili. Nitakayoitaja, hiyohiyo ataagiza Ijumaa akitoka kuswali. Halafu akanionyesha kona ya mbele ya duka, pale karibu na mlango, alipokuwaga anakaa marehemu mdogo wake akitengeneza redio. Tangu afariki, ile kona ilikuwa inawekewa maboksi matupu tu.

"Neno lako likisimama," akasema, "ile kona kaa wewe."

Jamani, ile kona niliitaka. Mie nilikuwa nafanyia kazi chumbani nyumbani, pembeni ya kitanda changu. Wateja wakija walikuwa wananiulizia fundi yuko wapi, na nikiwaambia ni mie, wanacheka kidogo, halafu wanauliza tena. Mtu akikukuta nyuma ya meza yako dukani, mlangoni, na bisibisi mkononi, haulizi hivyo. Na kulikuwa na sababu nyingine, kubwa zaidi. Nyumba yetu ni vyumba viwili, mie na mama tu, na mashine zangu zikiwaka nyumba nzima inageuka tanuri. Mama ana presha. Kliniki walimwambia mchana asikae kwenye joto, na kwa ajili hiyo tulinunua feni ya kusimama, moja, ambayo ni yake. Kila mashine niliyoijaribu nyumbani nilijua joto lake linakwenda kwa mama. Nikipata ile kona, joto linahama nami.

Mama ni mtu wa Lindi, alikuja huku kwa kuolewa na baba, akabaki hata baada ya baba kufariki. Asubuhi anakaanga vitumbua barazani, ikifika saa nne vimeshaisha, na mchana anapumzika mbele ya feni yake. Maneno hana mengi. Nilirudi na zile keisi juu ya bajaji nikiwa na kiherehere cha ajabu, nikamwelezea kila kitu kwa pupa huku nafungua maboksi. Nikamwonyesha kwenye skrini zile namba zinazosoma joto la mashine. Nikamwambia hizi namba zikipanda sana, ndiyo basi tena. Yeye akauliza, basi tena maana yake kona imekwenda? Nami, mkono mmoja kwenye skrubu, nikajibu ndiyo, ndiyo mama, bila hata kugeuka.

Nikaanza na ile ya wavu. Nilifunga mashine yangu nzito humo ndani, nikawasha gemu la mbio za magari, nikaliacha lijicheze lenyewe kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka alasiri, saa za joto kali kabisa. Programu ilikuwa inachora mchoro wa joto, kwa hiyo sikuhitaji kukaa nayo. Nikaenda zangu kwa wateja. Mama siku hiyo hakuwepo, alikwenda stendi ya Mbezi Luis kumpokea mama mdogo aliyekuwa anatoka Dodoma, wakashinda huko kwa ndugu. Niliporudi, joto lilikuwa limepanda hadi nyuzi sabini na nane na kutulia hapo. Kwa chumba chetu, hiyo ni namba ya heshima.

Kesho yake nikahamishia vipande vilevile kwenye keisi ya kioo. Gemu lilelile, saa zilezile, dirisha limefungwa vilevile. Nikatoka. Niliporudi nikaangalia mchoro, nikafuta macho, nikaangalia tena. Sitini na sita. Nikamuuliza mama kama umeme ulikatika. Akasema haukukatika. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni, kanga imelowa jasho, akaniambia kichwa kinamgonga kidogo, joto la leo limezidi. Nikampa maji, nikamwambia apumzike, nikarudi kwenye namba zangu.

Nilifurahi mpaka nikajisahau. Nikampigia mzee palepale kumwambia ya kioo inaongoza. Nilisikia anavyotabasamu kwenye simu. Akasema alijua, alijua tu, basi Ijumaa anaagiza.

Nilipokata simu ndipo akili ikaanza kunirudia. Mie hewa naijua. Hewa haipiti kwenye kioo. Ile keisi ilikuwa inavuta pumzi kwenye nafasi nyembamba pembeni tu, nafasi ambayo kidole changu hakiingii. Itawezaje kuishinda iliyo wazi uso mzima? Nilijaribu kuipuuza ile ishu, maana namba zilikuwa upande wangu, na mzee amefurahi, na kona naiona kabisa. Ikakataa kupuuzika. Asubuhi ya Jumatano nikaamua narudia kipimo. Mchana nikawasha gemu, nikamuaga mama, nikatoka.

Nilipofika kituoni nikagundua nimeacha chaja ya simu mezani. Nikarudi nikisonya njia nzima. Nikaingia ndani kimyakimya, si kwa kuvizia, ila kwa vile nilikuwa nimenuna.

Mama alikuwa chumbani kwangu, juu ya kile kigoda chake cha kukaangia vitumbua. Mlango wa kioo wa ile keisi ulikuwa wazi, umefunguliwa mpaka mwisho. Feni yake, ile ya presha, ilikuwa imeburutwa kutoka sebuleni na kuelekezwa tumboni mwa mashine, imewekwa kwenye namba ya mwisho. Yeye mwenyewe alikuwa upande ambao upepo haufiki. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Mkononi alikuwa na kipepeo cha ukindu, kile cha kupepelea jiko, na alikuwa anaipepea kompyuta kwa upande wa pili, taratibu, macho yake yapo kwenye namba.

Nikasimama mlangoni, mdomo wazi, maneno yote makali yamejipanga. Alinigeukia, hakushtuka hata kidogo. Akainyooshea skrini kipepeo, kama mtu anayekuonyesha sufuria aliyokuchungia isiungue.

"Iko sitini na tano," akasema. "Haijapanda, mwanangu. Sijaiachia."

Nikakaa kitandani. Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilikuwa nimeshaelewa nusu. Akasema, si nilimwambia namba zikipanda kona imekwenda? Yeye alielewa kwamba ule ni mtihani, tena mtihani wangu, na mzee wa Buguruni ataangalia namba ajue kama naijua kazi au siijui. Sasa mtoto yuko kwenye mtihani, mzazi yuko ndani, ana feni, atalala? Jana yake alinisikia nikiondoka, akafungua ule mlango wa kioo maana aliona nilivyoufungua, akaisogeza feni, akakaa. Aliposikia geti, alirudisha kila kitu mahali pake ili nisimkataze kwa sababu ya presha yake.

Kwa hiyo ndiyo yale maumivu ya kichwa. Ndiyo ile kanga iliyolowa. Nilimpa maji nikarudi kwenye namba, na namba zenyewe zilikuwa zake.

Baba aliugua katika chumba hichohicho, kitanda kilikuwa palepale ilipo meza yangu. Wakati huo hatukuwa na feni. Nakumbuka nilikuwa narudi kutoka shule na kumkuta mama ameketi juu ya kigoda, mkono mmoja kwenye kipepeo, mwingine kwenye mkono wa baba, na baba amelala mdomo wazi. Mkono ukichoka anahamisha. Baba alipofariki, mama aliendelea kupepea mpaka shangazi alipomshika mkono. Sijawahi kumwambia kuwa niliona. Sasa nilikuwa nauona mkono uleule, umezeeka, unaipepea mashine yangu.

Baadaye nilimwelezea vizuri, kama nilivyotakiwa kumwelezea tangu mwanzo. Kwamba anayepimwa si mie, ni boksi. Kwamba mie natafuta lipi linachemka, na likichemka ni sawa, hilo halifai, tunaliacha. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akashika kichwa, akauliza kwa sauti ndogo kama amenikosesha kona. Nikamwambia hajanikosesha kitu. Ukweli ni kwamba mzee alikuwa ameshaambiwa ya kioo, na ule mzigo ukija, vijana wa vibanda wataanza kuzirudisha mashine zao pale mlangoni, na mie nitakuwa ndiye yule fundi wa pili.

Tukaipima tena vile inavyotakiwa, mlango umefungwa, feni iko sebuleni inampuliza mama. Haikuchukua muda, namba zikavuka tisini, na magari kwenye skrini yakaanza kurukaruka, dalili kwamba mashine imezidiwa na joto. Nikazima. Nikavaa viatu nikaenda Buguruni.

Nilimwamkia mzee, akaitikia kwa uchangamfu, anadhani nimeleta habari njema zaidi. Nikamwambia zile namba za jana zitupe, si sahihi. Uso wake ukafungwa. Akaangalia pembeni, vilevile anavyowaangalia mafundi wengine, na nilihisi ile kona inaondoka na macho yake. Aliniuliza ni neno lipi sasa aamini, la jana au la leo. Swali lilikuwa la haki. Nikamwambia asiamini lolote, kesho mchana aje nyumbani aone kwa macho yake, na sababu ya kukosea ataikuta hukohuko. Sikutaka kumtaja mama mbele ya wateja. Akasema ataangalia nafasi. Nilirudi nyumbani nikijua hatakuja.

Akaja. Alhamisi, kanzu nyeupe, anauliza nyumba kwa nyumba mpaka akatufikia. Mama alikuwa amefagia tangu alfajiri na kumwekea vitumbua vyake na maji ya baridi. Sasa hapo ndipo tulipopata shida nyingine, maana mgeni kwetu akiingia, cha kwanza ni kugeuziwa feni. Mama alishaishika. Nikamtolea macho. Feni ikiingia chumbani kipimo kinaharibika tena. Akaiacha, lakini aliona aibu isiyo na kifani, mgeni wa heshima ameketi ndani ya tanuri na feni ipo chumba cha pili inazunguka bure.

Nikawasha gemu kwenye ya kioo. Taa zikawaka kama harusini. Mzee akatabasamu kidogo, halafu jasho likaanza kumtoka, kanzu ikaanza kumshika mgongoni. Mama akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akachukua kipepeo akasimama nyuma ya mzee, akawa anampepea. Nikamwita tu, "Mama." Akaelewa. Akahamia upande wa pili, akaweka mgongo wake kati ya kipepeo na mashine ili hata upepo kidogo usiifikie, akaendelea kumpepea mgeni.

Namba zikapanda. Magari yakaanza kurukaruka. Mzee akaweka kiganja juu ya kile kioo, akakiondoa haraka. Nikamwambia mama afungue mlango wa keisi, kama alivyofungua siku ile. Akaufungua kwa vidole viwili, na lile joto lililokuwa limefungiwa likampiga mzee usoni. Nikaleta feni, nikaielekeza ndani. Namba zikaanza kushuka, tena, tena, mpaka sitini na ngapi. Nikamwambia mzee, hizi ndizo namba nilizokupa kwa simu. Na aliyezipata ni huyu hapa.

Mzee alimwangalia mama. Aliangalia kile kipepeo, kigoda, feni. Mama akashusha macho, akavuta mtandio mdomoni, akaanza kuomba radhi kwamba kosa ni lake, mtoto hana kosa, mtoto kazi anaijua. Mzee akamnyooshea kiganja, asiendelee.

"Bibi," akasema, "kila mteja wangu angekuwa na wewe nyumbani kwake, ningeagiza ya kioo."

Akala vitumbua vyote, mbele ya feni, safari hii imeelekezwa kwake. Hakusema neno jingine kuhusu keisi. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni ndipo akaniambia anaagiza ya wavu, na Jumamosi nije na meza yangu, maboksi atakuwa ameyatoa. Nilitamani kuruka. Nikasema ahsante, mzee. Mama alikuwa nyuma yangu, analia bila sauti.

Sasa niko pale konani, mlangoni, na hakuna anayeniuliza fundi yuko wapi. Zile nyeusi za wavu zimejaa mpaka dari. Kuna wateja wananung'unika kwamba hazing'ai, nami nawajibu kwa mdomo wangu huu mbaya, wengine wanacheka, wengine wananuna, wote wananunua. Nyumbani chumba changu kimepoa. Hakuna mashine, hakuna taa, ipo meza ndogo na kitanda, na feni ni ya mama peke yake tangu asubuhi.

Tatizo ni moja. Kila jioni nikirudi, namkuta mama sebuleni anajipepea kwa kile kipepeo, na feni iko chumbani kwangu, namba ya mwisho, imeelekezwa kwenye kitanda kitupu. Anasema ananipozea godoro. Nimegomba, nimebembeleza, nimemkumbusha maneno ya kliniki. Anaitikia vizuri tu. Naibeba feni, naiweka mbele yake, naenda kuoga. Nikitoka bafuni, ameshairudisha.